Kufuli ya Mama Chebet

Wambui mjukuu wangu,

Huku Kiplombe tuko salama, ni goti tu linanisumbua. Umeniuliza kama ushushe bei ya maziwa dukani kwako mpaka yule jirani yako mpya afunge duka lake.

Mimi na Mama Chebet tuliuza vitu vile vile, kila mtu upande wake wa barabara, tukinyang'anyana wateja. Lakini nikiishiwa chumvi, nilimtuma mteja kwake, naye alifanya vivyo hivyo.

Baada ya ile kura iliyoleta vurugu, moshi wa nyumba za watu wa kabila letu ulipoanza kuonekana, Mama Chebet alinifungia ndani ya duka langu kwa kufuli yake. Nikalala nyuma ya magunia ya unga. Vijana wa kabila lake wakaja. Nilisikia harufu ya petroli, kisha mmoja akauliza duka ni la nani.

"Ni langu," Mama Chebet akasema. "Si mnaona kufuli ni yangu?"

Mmoja akaitikisa ile kufuli. Nilijifunika mdomo kwa leso, nisisikike nikipumua, mpaka wakaenda zao.

Mambo ya bei utaamua mwenyewe. Mimi kila kura ikikaribia, kabla sijafungua duka, naangalia kwanza kama Mama Chebet amefungua lake.

Cucu wako