Sahani Niliyoomba Jambiani

Dada Mwanaidi, shikamoo. Huku Unguja jua linachoma, na Jambiani yote inanuka mwani ulioanikwa.

Jana mimi na Bi Salma, anayetufundisha kuwahudumia wagonjwa wa akili majumbani, tulimtembelea mama mmoja aliyetoka hospitali majuzi. Jina lake tunakatazwa kulitaja. Nikawaeleza jamaa zake wasimtenge, nikayasema vizuri mpaka nikajisikia. Kisha likaletwa sinia la wali na mchuzi wa pweza, tukalizunguka. Mama yule alipotia mkono tu, mimi nikaomba sahani yangu peke yangu.

Akanitazama. "Na wewe pia, mwanangu?"

Uso ukanishuka. Bi Salma akaendelea kula naye, bega kwa bega.

Dada, kile kibakuli cha buluu anachopakuliwa Kaka Hamadi tangu alipougua akili, mimi ndiye niliyekitenga, si marehemu mama yetu kama mnavyodhani. Kitupe, nakuomba. Nikirudi nataka tule naye sinia moja, ikiwa yeye atakubali kula na mimi.

Wabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Time