Nimetia Saini Bila Kusahihisha

Harrow, London
Jumapili

Mdogo wangu Hamisi,

Marahaba. Najua umeniamkia hata kabla ya kuipasua bahasha, kwa hiyo ninaipokea shikamoo yako mapema. Je, goti limepona? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi presha imetulia. Kinachonisumbua hakipimwi kwa mashine.

Nianze na lililonipasa. Siku ile nilikukatia simu, na sikufanya vyema. Ulisema, "Dada, mama wa watu ameshafunga mizigo, mwanawe anamsubiri Dodoma, wewe bado unasahihisha madaftari! Kama hutaki kuja, sema hutaki." Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli. Mkataba wa nyumba ya Mama Salome, alioandika mwenyekiti wa mtaa, uliniletea "nyumba wenye vyumba vitatu", nikaurudisha. Ukaja na "mipaka yake zinajulikana", nikaurudisha tena. Nilijiambia kwamba siwezi kuweka jina langu chini ya upatanisho wa kisarufi ulio mbovu kiasi hicho. Kumbe nilikuwa nikivuta siku.

Sharti la Mama Salome ndilo lililonitisha. Hauzi kwa mtu atakayeifunga nyumba. Watu wa Kilakala, hapo kwenu Morogoro, wamezeeka pamoja chini ya mlima wao, na wamechoka na nyumba za wenzetu walioko Ulaya, zenye mlinzi getini na giza ndani. Anataka mtu wa kuwasha jiko. Kwa hiyo kutia saini ni kuja, na kuja ni kumwacha mwanangu Rehema.

Hapa nyumba yetu imeshikana na ya jirani kwa ukuta mmoja. Huu ni mwaka wa sita, nami ninamjua kwa chafya zake tu. Rehema hutoka kwenda kazini hospitalini kabla hakujapambazuka, wajukuu huenda shuleni, nami hubaki na saa ya ukutani. Wajukuu nikiwasemesha wananielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Dirishani ninauona mlima wa Harrow, ambao wewe ungeupanda na ndoo kichwani bila kupumzika.

Mtu ninayezungumza naye ni Bwana Jayanti, mwenye duka la mboga, Mhindi aliyezaliwa Kisumu. Juma lililopita aliniita kutoka mlangoni, "Mama mwalimu, nazi mzuri iko!"

"Nazi nzuri ipo," nikamwambia.

"Ndiyo hiyo hiyo. Wewe sahihisha tu. Tangu mke yangu kufa, hakuna mtu nasema na mimi Kiswahili."

Nikamweleza habari za nyumba. Akaacha kupanga bamia.

"Mimi pia nilinunua, mama. Kisumu, chini ya kilima, mtaa mzuri, watu wa zamani. Nikasema mwaka kesho nakwenda. Sasa miaka kumi na mbili! Ndugu yangu natuma picha. Popo tu nakaa ndani. Na popo halipi kodi!"

Alicheka peke yake. Alikosea karibu kila neno, na sikumsahihisha hata moja. Niliondoka nikaisahau nazi.

Nilipofika nyumbani niliketi mezani nikautia saini ule mkataba ulioletwa mara ya tatu. Umo ndani ya bahasha hii. Bado una kosa, tena kubwa: kifungu cha nne kinasema kwamba mnunuzi "atahama" ndani ya miezi mitatu, badala ya "atahamia". Kwa maandishi hayo ninaondoka kabla sijaingia. Nimeliacha. Mwombe mwenyekiti wa mtaa akisome kifungu hicho kama kilivyokusudiwa.

Jioni nilimwambia Rehema. Alikuwa amesimama jikoni, koti bado mwilini.

"Mama, na kliniki yako ya presha?"

"Morogoro kuna kliniki."

"Na mimi?"

Nikajibu kama nilivyozoea kujibu darasani: "Rehema, mimi sihami. Ninahamia Kilakala. Hivyo ni vitenzi viwili."

Akavua koti polepole, akalitundika. "Kwangu mimi, Mama, ni kimoja."

Nilitafuta la kusahihisha, sikulipata. Tukaketi kula. Akanichagulia kipande kikubwa cha samaki, kama mtu anayemkirimu mgeni.

Nitakuja kabla ya mvua za masika. Mama Salome akishaondoka, tafadhali ulale pale wewe mwenyewe, uwashe taa, upike hata uji, majirani waone moshi. Na kabla hajaondoka, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa kumchelewesha. Nisalimie wifi yangu, shangazi yetu aliyebaki kule mlimani, na mwenyekiti wa mtaa. Huyo mwambie kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko sarufi yake.

Nimemwachia Rehema nafasi chini ya jina langu. Akiiacha tupu, usimwulize.

Ni mimi dada yako anayekukumbuka,
Zainabu

Mjomba, shikamoo. Siku hizi Mama hapandi mlima bila kusimama mara mbili, ila hasemi. Hujifanya anatazama maua ya watu. Ukimwona anatazama maua, simama naye. Rehema.