Kamba za Majimoto

Jumatatu, 4 Machi
Nimeng'atwa tena! Shingoni, kwapani, hadi kwenye kope. Michungwa imejaa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mchumaji wetu ndiye anayewalea. Amefunga kamba mti hadi mti wapite bila kushuka chini, ndiyo maana tunamwita Kamba. Ati ni walinzi. Walinzi gani wanamng'ata mwenye shamba?

Jumamosi, 9 Machi
Kamba kaenda kwao kumuuguza mama yake. Nimebeba pampu ya dawa, nikapuliza viota vyote. Zile kamba za mitini nimezikata, nimezichoma. Leo nimepalilia kwa raha zangu. Hakuna aliyeniona.

Jumanne, 19 Machi
Sisimizi weusi kila tawi. Hawaumi – nikafurahi, mjinga mimi. Kisha nikageuza jani. Vidukari tele, wanafyonza jani! Sisimizi anampapasa kidukari, kidukari anatoa tone tamu, sisimizi anakunywa. Akija mdudu wa kula vidukari, sisimizi wanamfukuza. Wanafuga! Kumbe majimoto ndio waliokuwa wakiwazuia wasipande.

Alhamisi, 11 Aprili
Majani yamejikunja, meusi kama yamepakwa masizi. Machungwa machanga yanadondoka, nayasikia nikiwa jikoni. Kaka alishasema: msimu huu ukiharibika, anakata miti yote, anapanda miti ya kuuza nguzo. Marehemu Baba aliipanda kwa mikono yake. Mama hagusi chakula.

Jumapili, 14 Aprili
Kamba karudi. Kapita mti hadi mti, akipapasa pale alipokuwa amefunga kamba. Kaka kamvaa: yeye na wadudu wake ndio wameua shamba.

"Bosi, wangu walikuwa wekundu," Kamba akasema taratibu. "Kuna mtu kawaua."

Akaomba wiki tatu tu. Kwa jirani bado kuna viota, atawavusha kwa kamba mpya. Kaka hataki kusikia. Kamba afungashe leo, fundi wa msumeno anakuja kesho.

Mama akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda shambani. Nani kawaua?"

Nimesema naenda kutazama chai. Naandika hapa jikoni. Nikisema, Kaka atanifukuza mimi, na labda miti itapona. Naona aibu, na naogopa.

Wako uani wananisubiri. Dirishani namwona Kamba anakunja mashati yake. Chai imeshachemka mara mbili –