Dawa ya Madoa

3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, unaweza kuisoma umesimama huku mkono mmoja uko kwenye beseni. Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, ila vidole vinanuka, na sababu sitaki kukuficha.

Ile aproni nyeusi uliyonishonea nilipoanza chuo niliichafua Jumamosi kwa rangi ya mafuta. Nikaimwagia dawa ya madoa, nikasahau, nikaenda zangu. Niliporudi doa lilikuwa palepale, lakini weusi umekimbia. Pembeni pamegeuka rangi ya kutu, ndani kidogo kama ganda la mkate, katikati peupe pe! Mama, nilikaa sakafuni nikaikodolea macho. Miaka miwili nafundishwa kupaka rangi juu ya kitambaa. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuchora kwa kuitoa.

Basi tangu siku hiyo nachora kwa dawa. Nina brashi mbovu, mswaki wa zamani na kipande cha sponji. Wenzangu wamezunguka meza ya Mwalimu wa Rangi wanachora chupa na machungwa, mimi niko pembeni na shuka langu jeusi. Jana alisimama nyuma yangu akasema, "Hiyo ni nguo iliyoharibika." Nikamjibu, "Ndiyo, mwalimu, na bado sijamaliza kuiharibu." Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka.

Tatizo ni moja: dawa haijui kusimama. Nikichora shavu asubuhi, jioni imeshakula hadi sikioni. Nimesikia siki inaizuia. Wiki hii nitajifungia stoo ya darasa, nifunge na mlango nisisumbuliwe, nijaribu.

Mwanao,
Mbishi


9 Februari

Mbishi,

Marahaba. Mimi mzima. Acha kusoma, kafungue dirisha, kisha urudi.

Siki na dawa ya madoa havikutani! Vikikutana vinatoa moshi usiouona, unakaba koo na kuchoma macho. Mwenzangu mmoja hapa kwenye dobi ya hospitali alibebwa kama gunia. Hiyo siki kamwage.

Halafu tuongee. Nimefua mashuka ya wagonjwa miaka kumi na tisa. Kucha mbili za mkono wa kulia zilikwenda na hazikurudi. Mkono ukikauka, ngozi inapasuka kwenye viungo, nikishika chumvi naona nyota. Nilikupeleka chuo ushike brashi, usije ukashika dawa hiyo maisha yako yote. Leo umeifuata mwenyewe, kwa hiari, na unaniandikia kwa furaha!

Chora machungwa ya watu. Machungwa hayajawahi kumtoa mtu kucha.

Usinipigie simu. Kwenye simu unanikatiza.

Mama yako


2 Machi

Mama,

Shikamoo, na samahani. Nimechelewa kuandika kwa sababu barua yako ilinikuta zahanati ya chuo. Ilifika siku mbili baada ya siki. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa: koo, macho, kila kitu. Nilitambaa hadi mlangoni. Nililazwa siku tatu, sasa napumua vizuri na daktari ameniruhusu. Ningekuuliza wewe kwanza, yasingenipata hayo. Hilo nakubali.

Lakini siachi.

Usiikunje barua, soma. Mwalimu wa Rangi amepata la kusema. Ameniita mbele ya mkuu wa idara: mtihani wa mwisho wa mwaka ni rangi za mafuta kwenye turubai, nikileta "kitu cha kufulia" narudia mwaka. Nikamwuliza ni kanuni ya ngapi. Akafungua kitabu cha chuo, akatafuta, akakifunga. Imeandikwa "picha ya mtu, ukubwa wa mita mbili." Rangi haikutajwa. Akasema, "Haikuandikwa kwa sababu kila mwenye akili anaelewa." Basi mimi niandikwe sina akili.

Nimeshachagua nitakachochora. Nakuchora wewe, Mama, unakamua shuka. Nimejaribu mara nne. Mara mbili kitambaa hakikubadilika hata kidogo, kama nimekipaka maji. Mara mbili kimebadilika vizuri, kisha penye mwanga mkali, pale kwenye vifundo vya vidole, kimetoboka. Nikikishika kinachanika kama karatasi iliyolowa.

Mbishi wako


21 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki ya tatu hujajibu. Najua umenuna. Nuna, ni haki yako, lakini nuna huku unanisaidia. Chuo kizima hakuna anayeijua dawa hii kama wewe. Mwalimu wa Rangi ana vyeti ukutani, lakini nikimwuliza kwa nini kitambaa kinaoza, ananiambia hilo ni swali la dobi.

Basi namwuliza dobi.

Mwanao


28 Machi

Mbishi,

Marahaba. Mzima, na bado nimenuna. Sikiliza.

Kitambaa kisichobadilika si pamba. Chomoa uzi, uuchome. Pamba huacha majivu laini. Ukijikunja ukawa kidonge kigumu, huo ni wa plastiki, achana nao.

Kinachotoboka umekipa dawa kali kwa pupa. Changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe kumi vya maji. Paka, ngoja, suuza. Kama hujaridhika, paka tena. Mara tatu kwa upole ni bora kuliko mara moja kwa hasira, na wewe una hasira hadi kwenye brashi, nimeona hata kwenye mwandiko wako.

Kuisimamisha: suuza kwa maji baridi mengi, ukidhani yametosha ongeza ndoo mbili. Kisha loweka kwenye maji yenye ile dawa ya vidonda inayotoa povu, kidogo tu. Dirisha wazi. Mlango wazi. Na vaa glavu ndefu, za kufika kwenye kiwiko. Bila glavu usiguse kitu.

Sasa nikuambie kilichonichelewesha. Barua hii niliiandika wiki moja iliyopita, hukuniamsha wewe na kelele zako. Nilipofika hapo kwenye glavu, nikaisoma upya kabla ya kuifunga, nikajitazama mikono. Nikaona haya. Namwamuru mtoto avae kitu ambacho mimi sijakidai hata siku moja.

Kesho yake nilimfuata msimamizi wetu, yule tunayemwita Kengele. Nikamwomba glavu. Akasema, "Miaka yote hiyo umefua bila glavu, leo mikono imekuwa ya bibi harusi?" Nilikaa kwenye kiti chake. Mwenzangu wa meza ya pasi, Mama Pasi, akaacha kupiga pasi, akaja akasimama karibu yangu. Kengele hakupata pa kukaa siku nzima.

Glavu hazijaja. Lakini nimeshaomba, na siwezi tena kujifanya sikuomba.

Mama yako


4 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi mzima, na mikono yangu mizima pia.

Imetoka. Mara tatu kwa upole, kama ulivyosema. Mwanzo mkono wangu ulikuwa unataka kukimbia. Ilibidi nijifunze kukaa na kusubiri, kuona kutu ikiamka polepole kwenye weusi, na kujua dakika ya kusuuza. Zamani nilikuwa napigana na dawa. Sasa naiacha itembee, ila naijua inakokwenda. Vifundo vya vidole vyako vimetokea vyote, na kitambaa ni kizima. Kucha mbili ambazo hazipo sikuzigusa kabisa, nimeziacha nyeusi.

Jana tulitundika kazi ukumbini. Mwalimu wa Rangi alikuja na ngazi kuishusha yangu. Nikapanda ngazi kabla yake, nikakaa juu. Nilikaa hadi mkuu wa idara akaja kutuamua. Akasema ibaki, lakini alama atatoa mwalimu wa somo.

Maonyesho ni tarehe kumi na saba. Njoo, Mama.

Mbishi


19 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama, mgongo tu unalalamika kwa safari. Natumaini umelala na umekula.

Uliniuliza kituoni nimejionaje pale ukutani, nikakuambia nitaandika. Nilidhani utanichora natia huruma. Umenichora nina nguvu. Hilo shuka nalikamua kama nataka kulivunja shingo.

Kule ukumbini, ulipokwenda kunitafutia kiti, Mwalimu wa Rangi alinijia. Hakujua mimi ni nani. Akaniuliza, "Mama, unakionaje hiki?"

Nikamwambia, "Pale chini ya kiwiko amechelewa kusuuza. Kwingine kote amepatia."

Akanitazama usoni, akatazama ukutani, akatazama mikono yangu. Nikaiacha aione.

Nikamwuliza, "Wewe umewahi kuitumia dawa hii?"

"Hapana."

"Basi hukumsahihisha mtoto. Ulimkataza tu."

Akasema kazi ni nzuri, ila hawezi kubadili alama ya kufeli aliyokupa, maana akimruhusu mmoja wote watafanya watakavyo. Nikamwambia asiibadili. Ndiyo, nilisema hivyo, na usinilaumu. Alama ya mtu anayeogopa hatuihitaji. Rudia mwaka. Rudia kwa dawa hiyohiyo, na safari hii mita nne.

Huku kwetu Kengele ameleta karatasi. Imeandikwa kwamba nimechochea wenzangu kudai glavu, natakiwa niombe radhi na kutia saini, la sivyo nitafute kazi kwingine. Kalamu aliniletea yeye mwenyewe. Nimeitumia kukuandikia barua hii.

Kesho saa mbili asubuhi naitwa ofisi kuu. Tutakwenda wafuaji wote kumi na mmoja, mikono mitupu, tuiweke juu ya meza ya mkurugenzi aitazame. Tumeshakubaliana nani atazungumza kwanza.

Ni mimi.

Mama yako