Kabari Iliyotolewa Kwenye Msumeno

Karakana ya Reli,
Dodoma,
10 Juni 1913.

Kaka mpendwa Filipo,

Shikamoo, kaka. Hujambo huko Morogoro? Shemeji Emilia naye, kifua kimepoa? Huku mvua ilikatika mapema na mtama tumevuna nusu, lakini bado tunakula. Raheli mke wangu hajambo. Ningetamani salamu hizi ziijaze barua yote, nisifike ninakokwenda.

Kaka, Methusela amevunjika mgongo, na ubao uliomvunja niliusukuma mimi.

Unamkumbuka, ndugu yake Raheli, yule aliyecheza kwenye harusi yetu hadi kiatu kikakatika. Kazi ya kubeba mbao nilimwombea mwenyewe.

Msumeno wetu ni kama ule ulionifundishia: gurudumu la meno katikati ya meza, linazungushwa kwa mkanda wa injini ya moshi. Nyuma ya meno kulikuwa na kabari ya chuma, ile uliyosema nisipasue kamwe bila hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozuia ufa wa ubao usijifunge ukayabana meno. Kabari yetu ilipinda, mbao zikawa zinakwama. Bwana fundi, Mdachi anayetusimamia, akaifungua akaitupa sandukuni. Nilimweleza kwamba mninga mbichi utabana. Akajibu kwamba milango ya stesheni haingoji, na asiyetaka kupasua kiboko kipo. Niliogopa. Nikapasua.

Alhamisi nilifanya yote uliyonifundisha. Niliuegemeza ubao vizuri kwenye ukingo wa kuuongoza, nikausukuma kwa kijiti badala ya vidole, nikasimama pembeni, si mkabala na meno. Ulipofika nusu nikasikia mlio wa msumeno umebadilika. Ufa ulikuwa umejifunga. Ubao ukainuka, ukarudi kwa kasi, ukanipita ubavuni. Nyuma yangu Methusela alikuwa ameinama anaokota ubao mwingine.

Nilijua mahali pale ni pa hatari, kaka. Ndiyo maana mimi sikusimama pale. Yeye sikumwambia.

Hajafa. Amelala kwangu, chumba cha mbele. Nikimkanda miguu huniuliza nitaanza lini.

Raheli hakunisemesha siku tatu. Alipika, akaniwekea chakula, akaenda kukaa kwa ndugu yake. Jumapili tulipotoka kanisani ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kesho ukipasua kwa msumeno ule, nitasimama pale aliposimama Methusela."

Nilidhani ni uchungu tu unaosema. Jana asubuhi nimeshika ubao wa kwanza, nikageuka, nikamwona amesimama nyuma yangu, mikono ameikunja kifuani. Bwana fundi akamwamuru mnyapara wetu, mzee Silvano, amtoe. Mzee akatazama chini, hakusogea. Mimi nikaweka kijiti mezani, nikasema, "Bwana, sipasui."

Askari waliitwa, nikapelekwa uani, nikachapwa viboko kumi na vitano. Nilipohesabu cha tisa nikaacha kuhesabu, nikawa namwaza yeye kule ndani peke yake na meno yale.

Waliponirudisha, Raheli alikuwa bado amesimama palepale. Mkanda ulikuwa umevuliwa kwenye gurudumu na hakuna mfanyakazi aliyekubali kuuvika. Bwana fundi akaitoa kabari sandukuni kwa mkono wake, akampa mhunzi. Mhunzi akaipasha moto, akaigonga, akaifunga mahali pake. Kaka, kazi hiyo ilikwisha upesi kuliko kusonga sufuria ya ugali. Tangu adhuhuri tumepasua mninga uleule na haukubana hata mara moja.

Sasa hili ndilo ninalokuomba. Uliza huko kama yuko daktari anayejua mifupa ya mgongo. Akiwapo, nitamlaza Methusela juu ya mlango na kumleta kwa gari la moshi, hata kama nitafukuzwa kazi. Ukiambiwa hakuna dawa, usiniandikie. Panda uje umwambie wewe, maana mimi kila nikikaa karibu yake kinywa kinakataa, na yeye bado ananihadithia shamba atakalolima mvua zikirudi.

Nisalimie shemeji Emilia, mama yetu Loisi na watoto wote wa dada Priska. Mwambie mama aniombee, lakini kisa hiki usimsimulie chote. Raheli anawasalimu, sasa tunazungumza, kidogo.

Mungu akulinde wewe na mikono yako, na wote wanaopita nyuma yako ukiwa kazini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, nikuandikiaye nikiwa nimesimama kwa kuwa siwezi kukaa,

Yotham.