Mchanga Ambao Sikuuonja

Jumatatu, Mfungo Tano

Kwa Fundi Mwinyihaji,

Shikamoo, Fundi. Huu mwaka wa tatu naipeleka shikamoo hii kaburini kwako na kurudi nayo. Pale siwezi kusema kitu. Watu hupita, nami hushika udongo tu. Ndiyo maana naandika.

Dari ya zahanati tuliyojenga imeanguka. Si yote. Ni kipande kikubwa kama mlango, juu ya kitanda cha pili katika chumba cha wazazi. Mwenye kitanda alikuwa ametoka nje kuota jua na mwanawe. Nilipanda ngazi kutazama, nikaona nondo zimevimba kwa kutu na kulipasua zege. Nilijua papo hapo, Fundi. Hata hivyo nilitia kipande ulimini. Chumvi.

Chumba kimepigiwa misumari. Wanawake wamerudia kubebwa vitandani mpaka barabara ya Ramisi, kungoja gari la kwenda Msambweni. Mwezi uliopita alibebwa Mwanasha, binti yako. Alijifungua njiani, kando ya miwa. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kiume, na walikuwa wameshakubaliana kumpa jina lako.

Na watu wanasema ni wewe. Wanasema Fundi Mwinyihaji alizeeka, macho yalimwisha, akawajengea zahanati yao ya uhuru kwa mchanga wa pwani. Wewe! Wewe uliyekuwa ukichovya kidole katika kila lori, ukaonja chembe mbili tatu, ukatema kushoto. Namkumbuka yule dereva aliyekucheka: "Mzee, kwani unapika?" Nawe ukamwambia, "Chumvi umeshaileta, sasa kalete samaki." Akaugeuza mzigo wake huku akinung'unika, akaenda kuchota mchanga huko juu mtoni ambako maji ya bahari hayafiki. Tulicheka mpaka ukakaa chini.

Sasa nikwambie la ile Ramadhani.

Unakumbuka mashine ya kuchanganyia zege tuliazimwa kwa siku mbili tu, na siku ya kufunguliwa zahanati ilikuwa imeshapangwa na watu ambao hawajakanyaga pale. Wewe ulikuwa umefunga, na hukupenda kutia kitu kinywani mchana, hata kama ni cha kutema. Alasiri ukaniambia, "Kassimu, mwanangu, lori likija usiuguse mchanga mpaka nifuturu nije niuonje." Ukaenda kupumzika, maana jua la kaskazi lilikuwa limekuchosha.

Lori likaja. Mchanga ulikuwa mwekundu wa mtoni, mzuri kwa macho. Msimamizi akanijia juu: "Fundi mdogo, mashine inaondoka kesho asubuhi. Tunangoja mtu ale tende?" Vibarua wakanitazama. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, Fundi, na nilitaka kuonekana mtu mzima. Nikasema, washeni.

Sikuuonja. Nami nilikuwa nimefunga, na nilijiambia kwamba mchanga mwekundu hauwezi kuwa na chumvi. Baadaye sana dereva alinieleza kwamba siku ile njia ya juu ilimshinda, akachota huku chini, mkono wa bahari unapoingia mtoni.

Ulikuja baada ya magharibi na kikombe chako cha kahawa. Zege lilikuwa limeshamwagwa lote. Ukauliza, "Uliuonja?"

Nikasema, "Niliuonja, Fundi. Hauna chumvi."

Ukanitazama kwa furaha. Ukasema, "Mola akulipe. Umeitia saumu yako mashakani kwa ajili ya kazi za watu." Kisha ukatoa mfukoni timazi yako ya kupimia kuta, ile ya shaba uliyorithi kwa baba yako, ukaniwekea mkononi. "Basi, umekuwa fundi."

Niliipokea, Fundi. Niliipokea kwa mikono miwili.

Baada ya sala ya Ijumaa iliyopita nilisimama mbele ya kamati ya zahanati, nje ya msikiti, nikasema yote kama nilivyoandika hapa. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega. "Kassimu, adabu yako tunaijua. Unamsitiri mwalimu wako, na ndivyo inavyotakiwa. Marehemu tumeshamsamehe." Wote wakaitikia, amina. Wamekusamehe kosa langu. Nilipaza sauti, wakadhani ni uchungu wa msiba, wakaniletea maji.

Aliyeniamini ni mkeo peke yake, Bi Mwanatumu. Nilikwenda nikasimama barazani kwako, nikamweleza kupitia dirishani. Hakunitukana. Alifunga dirisha polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala ndani. Nilijua ni Mwanasha.

Jumamosi tunaanza kuivunja dari. Kujenga tena, hakuna ajuaye kama patajengwa. Timazi yako nimeifunga katika kitambaa. Sijaitundika ukutani mwa mtu tangu siku niliyopanda ile ngazi, na sitaitundika. Nitakwenda kwa kamati kila Ijumaa, niseme maneno yaleyale, mpaka apatikane mmoja wao wa kuniamini na jina lako litoke katika vinywa vyao. Hilo nakuahidi. Lingine la kukuahidi sina.

Lala salama, Fundi wangu. Nawe huko uliko ukinikumbuka, nikumbuke nikicheka nawe kando ya lori la chumvi, kabla sijakwambia neno lolote la uongo.

Kassimu