Mama Anapoza Barabara

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usinicheke. Mimi ni mpima ardhi, na mwaka huu nilileta mafundi wakachimba uani mashimo marefu wakazika mabomba ya maji, maana chini kule ardhi haina joto kali wala baridi kali, maji yanapanda na ubaridi wakati wa jua na uvuguvugu wakati wa baridi, mashine inapuliza hewa vyumbani, raha tupu, ila nyumba lazima ifungwe, na mama yangu mzazi, ninayeishi naye tangu baba afariki, kila asubuhi anafungua mlango wa mbele, anaweka kiti kizingitini, anasalimia wapita njia, anamuuliza muuza maziwa hali ya mgongo wake, na hewa yangu inaishia barabarani, nikamchorea mchoro, akausifu, kesho yake mlango wazi, basi nikafunga kufuli nikaenda kazini na ufunguo, kurudi nakuta amefunga virago, akaniambia, "Mwanangu, kaburini nitafungiwa tu, sina haraka," na Jumamosi dada yangu anakuja kumchukua. Nimfundisheje kufunga mlango?

Mpimaji Aliyechoka

Mpimaji, pole kwa uchovu. Kumfungia mzazi ndani ni kazi nzito. Hongera pia kwa mchoro. Wenzako huwapa mama zao salamu.

Mtambo wako ni mzuri, sikatai, na kupoza barabara ni hasara. Lakini mama yako ni mjane, ndugu yangu. Ukishatoka na vipimo vyako, nani anaongea naye? Mashine? Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe umeuaibisha msemo huo.

Sasa sikiliza. Kufuli litoke leo. Waite mafundi wazibe njia ya hewa ya sebuleni, vyumba vya kulala vibaki na raha yake, na mlango wa kufunga uwe ule wa kuingilia vyumbani. Mbele weka kipande cha bati, mama asichomwe na jua. Kisha nenda kwake mwenyewe, usimtume mtu, piga magoti useme, "Mama, nisamehe," halafu unyamaze. Usianze kumweleza mabomba. Akikataa, mbebee mizigo hadi kwa dada yako na umwombe tena njiani. Jumamosi ikipita bila hayo, mlango wako utafungwa kutwa nzima, ubaridi hautapotea hata chembe, na usingizi hutaupata.